Siku 10 za yadi: taka hatarishi zikilala njiani Marekani

Tuseme ni Ijumaa jioni, kwenye yadi ya malori pembezoni mwa Columbus, Ohio. Trela limeingia na mapipa 40 ya thina iliyokwisha kutumika. Mzigo umetoka kwa kiwanda kinachopaka vipuri rangi, na unakwenda kuteketezwa kwenye tanuri lililoko jimbo jingine. Dereva aliyeuleta amemaliza saa zake 11 za kuendesha. Dereva wa kuupokea yuko Kentucky na hafiki kabla ya Jumatatu. Kwa hiyo trela linalala. Kuanzia dereva hadi dispacha, yaani mpangaji wa safari, kila mtu anauliza jambo moja: mzigo huu unaruhusiwa kukaa hapa siku ngapi?

Utajibiwa kumi, na ni kweli. Ubaya wa jibu hilo ni kwamba mtu akishalipata huacha kuuliza. Mengi yanayoiharibu hiyo ruhusa hutokea siku ya kwanza au ya pili, kalenda ikiwa haijasogea. Na siku hizi Wakenya, Watanzania, Wakongomani na Warundi waliojaa kwenye kazi ya malori Marekani si madereva tu. Wapo wenye kampuni zao ndogo na yadi za kukodi, na ni wao watakaoandikiwa barua mambo yakiharibika.

Tuanze na sababu ya serikali kuogopa mzigo uliosimama. Mwaka 1978, kule North Carolina, lori la tangi lilikuwa likipita usiku kwenye barabara za mashambani huku likimwaga mafuta yenye PCB, sumu iliyokuwa ikitumika kwenye transfoma za umeme. Lilimwaga kando ya barabara kwa umbali wa kama kilomita 380, katika kaunti 14. Hapakuwa na ajali yoyote. Kuyatupa mafuta yale kihalali kulikuwa na gharama, na barabara usiku haina mlinzi. Udongo uliochafuka ulikuja kufukiwa katika Kaunti ya Warren mwaka 1982, wakazi wake wengi wakiwa Waamerika weusi. Waliandamana, wakakamatwa zaidi ya watu 500. PCB ina sheria yake peke yake, lakini hila ni ileile ambayo sheria za taka hatarishi zilitungwa kuizuia: mzigo unatoka mahali unajulikana, ukifika kati unapotea.

Sheria yenyewe ya taka hatarishi, ambayo wote wanaiita RCRA, ilitiwa saini na Rais Gerald Ford tarehe 21 Oktoba 1976. Kanuni zake kubwa zilitolewa na Shirika la Ulinzi wa Mazingira, EPA, mwezi Mei 1980. Msingi wake ni kwamba taka hatarishi lazima ziwe na mtu wa kuulizwa muda wote, tangu zinapozalishwa mpaka zinapoteketezwa au kufukiwa. Anayezihifadhi anatakiwa kuwa na kibali cha kuhifadhi, na kibali hicho si cha kuchukua dirishani. Kuna michoro, mipango ya dharura, mafunzo ya wafanyakazi, maoni ya majirani, na dhamana ya fedha za kusafishia eneo siku ukifunga biashara.

Sasa ukiisoma kanuni hiyo kwa ukali wake, kila yadi ambayo trela limelala usiku mmoja ilihitaji kibali kama cha jalala. Usafirishaji ungesimama. Kwa hiyo tarehe 31 Desemba 1980 EPA ikachapisha msamaha, ambao bado upo: msafirishaji anayeweka mzigo wenye manifesti, yaani hati inayofuatana na taka, ukiwa ndani ya vyombo vinavyokidhi masharti ya usafirishaji, kwenye kituo cha kupokezana mizigo, kwa siku 10 au pungufu, hahesabiwi kuwa mwenye ghala la taka. Anahesabiwa bado yuko safarini.

Hapo mna masharti manne, na siku ni moja tu kati yake. Likikosekana lolote, msamaha hauko, hata kama trela limekaa saa tatu.

Nianze na hizo siku, maana ndizo nyepesi. Kanuni imetaja siku, haikutaja siku za kazi, kwa hiyo Jumamosi, Jumapili na sikukuu zinahesabiwa. Hesabu inafuata taka, haifuati trela. Ukihamisha mapipa yale 40 kutoka trela moja kwenda jingine ndani ya yadi ileile, hujaanza upya. Mzigo ukienda kituo kingine kabisa, ukiwa njiani kweli kuelekea unakopelekwa, kile kituo kina hesabu yake. Wajanja wameshaiona nafasi hiyo: yadi mbili, mzigo unazungushwa. Ila tafsiri ya kituo cha kupokezana inataja sehemu ambako mzigo unashikiliwa katika mwenendo wa kawaida wa usafirishaji. Mkaguzi akiona mzigo umekwenda magharibi, ukarudi mashariki, ukaenda tena magharibi, hahitaji shahidi mwingine.

Jambo jingine ni majimbo. Marekani nzima, isipokuwa Iowa na Alaska, majimbo yenyewe ndiyo yanayosimamia sheria hii kwa niaba ya serikali kuu, na yanaruhusiwa kuwa makali kuliko EPA. California kwa mfano inatoa siku 10 kwa yadi iliyo kwenye eneo lililotengwa kwa viwanda; kwingineko ni siku 6. Kampuni iliyozoea sheria za Ohio ikifungua yadi kule bila kuuliza mpango wa matumizi ya ardhi, itakuwa imevunja sheria huku ikijiona imebakiwa na siku nne.

Kuhusu mahali, tafsiri ni pana: gati la kupakilia, maegesho, eneo la kuwekea mizigo, na sehemu nyingine za aina hiyo zinazohusiana na usafirishaji. Hakuna sharti la ukuta wala paa. Lakini msamaha ni wa msafirishaji. Kiwanda kilichojaza stoo yake hakiwezi kukodi kiwanja cha jirani, kikasukumia mapipa huko na kukiita kituo cha kupokezana, wakati hakuna lori lililopangwa kuja. Kiwanda kina muda wake chenyewe: kinachozalisha kilo 1,000 au zaidi kwa mwezi kina siku 90 za kukaa na taka zake, na cha kati, cha kilo 100 mpaka 1,000, kina siku 180. Muda huo ukiisha, yadi ya mwenye malori si mahali pa kuombea nyongeza. Mteja mwenye haraka ya kukusukumia mzigo ambao hana hata uhakika unapokewa wapi, mtazame mara mbili.

Sasa tuje kwenye chombo, na hapa ndipo watu wanapoumia.

Msamaha unazungumzia vyombo, yaani kitu chochote kinachobebeka: pipa, ndoo yenye kifuniko, tangi la plastiki lenye kizimba cha chuma, hata lori la tangi lenyewe. Tangi lililojengewa chini haliingii. Ukipampu taka kutoka kwenye lori kwenda kwenye tangi la yadini, hata kwa usiku mmoja, umeshaingia kwenye uhifadhi unaohitaji kibali.

Chukua pipa moja kati ya yale 40. Ni la chuma, la galoni 55, yaani lita 208 hivi. Kifuniko chake kimebanwa kwa pete yenye bolti. Ubavuni lina kibandiko, mara nyingi cha njano, kinachosema kwamba sheria ya nchi inakataza kuzitupa taka hizi ovyo, na kwamba atakayelikuta pipa hili awasiliane na polisi au EPA. Chini yake limeandikwa jina la kiwanda, anwani, namba ya utambulisho ya EPA, namba ya manifesti, na misimbo ya taka: D001 kwa kuwa inashika moto, F003 na F005 kwa aina za viyeyusho vilivyomo. Pembeni kuna alama ya umbo la almasi, nyekundu, yenye ndimi za moto na tarakimu 3. Kwenye hati, thina hiyo inaitwa UN1263, namba ya kimataifa ya vitu hatarishi, na jina lake la usafirishaji linatanguliwa na neno linaloonyesha kuwa ni taka.

Msafirishaji anaruhusiwa kulishusha pipa hilo, kulipanga, kulipakia kwenye trela jingine. Mpaka hapo bado ni msafirishaji. Tuseme kati ya mapipa 40 kuna mawili yaliyojaa nusu, yote ya thina ileile, na mwenye yadi anaona bora ayaunganishe apate nafasi. Hilo halikukatazwa na kanuni za serikali kuu, lakini tangu marekebisho ya mwaka 2016 pipa jipya linalotokana na muungano huo lazima liandikwe kwamba ni taka hatarishi, pamoja na misimbo yake. Kabla ya hapo mapipa mengi yalikuwa yakitoka kwenye vituo hivi hayana maelezo, na mpokeaji anabaki kukisia.

Sasa tuseme nusu moja ni thina, UN1263, na nusu nyingine ni asetoni chakavu, UN1090. Zote zinashika moto, haziripuani zikikutana, zote zinakwenda tanuri lilelile. Kijana wa yadini anazimimina pamoja. Kwa tendo hilo kampuni imekuwa mzalishaji wa taka. Kanuni ni wazi: msafirishaji akichanganya ndani ya chombo kimoja taka zenye maelezo tofauti ya usafirishaji, anabeba wajibu wote wa mzalishaji. Anatakiwa kujua ile taka mpya ni ya aina gani na kuitolea manifesti kwa jina lake. Na kesi ikija miaka 20 baadaye kwamba ardhi fulani imechafuliwa na pipa lile, jina lake litakuwa juu ya karatasi.

Kwa maoni yangu kanuni hiyo ndiyo ingestahili kubandikwa kwenye ukuta wa ofisi, siku 10 zifuate chini yake. Kupitisha muda ni kosa linaloonekana na linalokwepeka kwa kalenda. Kufungua pipa kunafanyika kwa nia njema, na mtu asiyejua kwamba amebadilisha hadhi ya kampuni nzima.

Pipa likivuja je? Halimiminwi kwenye jingine. Linaingizwa zima zima ndani ya pipa kubwa la kuokolea, linafungwa, linaandikwa, safari inaendelea. Mchanga au vumbi la kufyonzea lililotumika kukausha sakafu nalo sasa ni taka hatarishi, haliendi kwenye pipa la takataka la jikoni. Umwagikaji ukiwa mkubwa, msafirishaji anawajibika kuchukua hatua papo hapo na kupiga simu Kituo cha Taifa cha Mwitikio, 1-800-424-8802, kinachopokea simu usiku na mchana, kisha taarifa ya maandishi ifuate kwa Wizara ya Uchukuzi. Namba hiyo isikae kwenye kabati la bosi.

Tumebakiza manifesti. Ni fomu ya EPA yenye namba 8700-22, na tangu tarehe 30 Juni 2018 kuna mfumo wa kitaifa wa kielektroniki unaozikusanya zote. Inataja nani kazalisha, nani anabeba, kiasi gani, na kituo gani kimeteuliwa kupokea. Msafirishaji anasaini na kuacha nakala kabla gurudumu halijatoka kwenye geti la kiwanda. Mzigo ukipokelewa na kampuni nyingine yadini, kampuni hiyo nayo inasaini. Wanaopokezana wakiwa madereva wawili wa kampuni moja, hakuna sahihi mpya, kwa sababu fomu inafuata kampuni na wala si mtu aliyeshika usukani. Jambo hilo limewachanganya wengi, wakajaza nafasi ya msafirishaji wa pili kwa jina la kampuni ileile. Nakala inatunzwa miaka mitatu.

Mzigo wote ulioandikwa lazima ufike. Ukiwa wa kumwaga, kama lori la tangi, tofauti ya uzito inayozidi asilimia 10 inahesabiwa kuwa kasoro kubwa. Ukiwa wa kuhesabika, pipa moja pungufu kwenye lori zima linatosha. Ndiyo maana kupanga mapipa vibaya yadini, yakajichanganya na ya mteja mwingine, si suala la usafi tu. Mapipa 39 yakifika yanakotakiwa, simu zitapigwa mpaka kiwandani, na kiwanda kitakuuliza wewe.

Dereva naye ana yake. Anahitaji idhini ya vitu hatarishi kwenye leseni, ambayo haipatikani mpaka alama za vidole zipite kwa mamlaka ya usalama wa usafiri. Wakati wa kuendesha, karatasi zinakaa karibu na mkono wake. Akishuka, zinabaki mfukoni mwa mlango au juu ya kiti cha dereva, ili zimamoto wazione hata yeye akiwa hajulikani alipo. Haegeshi ndani ya mita moja na nusu kutoka sehemu ya barabara inayopita magari, ila kwa dakika chache kazi ikilazimu. Na kwa mzigo unaoshika moto, hakuna kuvuta sigara ndani ya mita 7.6 za gari. Mabango ya almasi ya nje hayatolewi eti kwa sababu gari limezimwa. Yanakaa mpaka mzigo utoke.

Kama unaona haya ni makaratasi tu, tazama kilichotokea Apex, mji mdogo wa North Carolina, usiku wa tarehe 5 Oktoba 2006. Ghala la kampuni ya taka hatarishi lilishika moto. Hilo halikuwa yadi ya siku 10. Lilikuwa na kibali kamili. Uchunguzi wa Bodi ya Usalama wa Kemikali ulikuta hapakuwa na mtu baada ya saa za kazi, hapakuwa na mfumo wa kugundua wala kuzima moto wa kujiendesha, na zimamoto walipofika hawakuwa na taarifa za kina za kilichomo ndani. Maelfu ya wakazi, zaidi ya 15,000, walihamishwa. Kati ya vitu vilivyokuwemo na kuhusishwa na kusambaa kwa moto ni vifaa vya ndege vya kuzalisha oksijeni ambavyo vilikuwa havijatumika, navyo vililetwa kama vitu vya kutupwa. Ni vifaa vya aina hiyohiyo vilivyoiangusha ndege ya ValuJet, safari namba 592, kule Florida tarehe 11 Mei 1996, watu wote 110 wakafa. Kule hati ilisema ni makopo matupu.

Apex ilikuwa na kibali, na hayo yakatokea. Yadi ya siku 10 haina kibali, na katika ngazi ya serikali kuu imesamehewa mpango wa dharura na ukaguzi wa kila wiki ambao ghala lenye kibali linawajibika nao. Binafsi naona msamaha huo ni mkubwa kuliko ulivyostahili. Siku 10 ni nyingi kwa mapipa ya thina yaliyokaa juani Julai bila mtu wa kuyatazama. Majimbo mengine yameliona hilo na kuongeza masharti yao. Mwenye yadi mwenye akili haongojei jimbo: anaweka orodha getini ya kilichomo kwenye kila trela na tarehe ya kuingia, na kituo cha zimamoto cha jirani kinayo nakala.

Ukikosa, adhabu ya madai iliandikwa kwenye sheria kuwa dola 25,000 kwa siku kwa kila kosa, lakini hupandishwa kufuatana na mfumuko wa bei na sasa inapita dola 90,000. Hicho ni kiwango cha juu, si kila mtu anatozwa hivyo. Anayepeleka mzigo kwa kujua mahali pasipo na kibali anaweza kufungwa hadi miaka mitano, na hapo dereva hajifichi nyuma ya kampuni.

Neno kwa walioko nyumbani, maana maswali haya huvuka bahari: msichukue hizo siku 10 mkazipeleka kwenye barabara ya Mombasa–Malaba au Dar–Tunduma. Kenya ina kanuni zake za usimamizi wa taka, zinazotaka leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, na hati ya kufuatilia mzigo. Tanzania inataka vibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Na mzigo ukivuka mpaka, kwa mfano betri chakavu za magari kutoka Kongo kupitia Tunduma hadi bandarini, unaingia Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 kuhusu usafirishaji wa taka hatarishi kati ya nchi, ambao unataka nchi ya kupitia ipelekewe taarifa kwa maandishi na ipewe nafasi ya kukubali au kukataa kabla safari haijaanza. Kongo, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zote ni wanachama. Marekani ilisaini mwaka 1990 na mpaka leo haijauridhia.

Turudi Ohio, kwenye swali linalokuja mara nyingi baada ya yote haya: mzigo umefika, mpokeaji anaukataa. Msafirishaji hana mamlaka ya kutafuta pa kuupeleka. Kama manifesti imetaja kituo cha akiba, unakwenda huko iwapo dharura imezuia kile cha kwanza. Kama haikutaja, anapigiwa simu mzalishaji, yeye ndiye anayesema uende wapi au urudi kwake, na manifesti inarekebishwa kulingana na maelekezo yake. Ukirudi kiwandani, kiwanda kinapata tena siku zake 90 au 180. Ukipitia yadi wakati wa kurudi, masharti yale manne yanaanza kuhesabiwa upya hapo: hati, chombo, mahali, siku. Andika saa uliyopiga simu na jina la aliyekujibu, kwenye karatasi ileile inayosafiri na mzigo.